Kyungu wa Ukurasa wa Tisini na Saba

Benchi letu liko Dilala, Kolwezi, mbele ya uzio wa Mama Ntumba, na kusema kweli si benchi. Ni mti mmoja mnene wa reli, ule unaolala chini ya vyuma, tumeuweka juu ya matofali. Mama Ntumba anauza kahawa hapo tangu mwaka wa 1966: mbabula moja, yaani jiko la makaa, birika moja, vikombe sita vya bati, kimoja hakina mkono. Masudi, mwenye lori, tunamwita Kilometa, maana hawezi kueleza jambo bila kusema liko umbali gani. Mbayo tunamwita Cassation, kama mahakama ya juu kabisa; alifungua na kufunga mlango wa tribunal kwa miaka kumi na tisa, na anaamini kwamba sheria ilimwingia mwilini kupitia kitasa. Mimi wananiita Archive, kwa ajili ya daftari langu la ukoo. Sisemi sana. Alhamisi ile ya mwezi wa kumi, 1973, mjukuu wangu alikuwa na siku thelathini duniani na jina lake halijaandikwa. Ilikuwa siku ya mwisho ya kumwandikisha, na ofisi ya état civil ilikuwa inafunga saa sita.

Jina lenyewe lilikuwepo tangu kabla hajazaliwa: Kyungu, jina la babu yangu. Lakini asubuhi ile dada yangu mkubwa, Mbombo, alikuja nyumbani kwangu na kitabu mkononi, akakitupa juu ya meza na kusema jina hilo halitawekwa juu ya mtoto yeyote wa ukoo wetu. Kwetu jina la mtu aliyekufa vibaya halirithiwi, linalala naye. Na Kyungu alikuwa amekufa vibaya. Ilikuwa imeandikwa, ukurasa wa tisini na saba.

— Usome tena, Masudi alisema. Polepole. Mi sikuona muzuri fasi anaangukia.

Mbayo aliweka sawa miwani yake, akasoma kwa sauti ya mahakamani:

— «Kyungu aliruka juu ya behewa la mwisho, hapo karibu na Tenke, jogoo wa misioni chini ya koti. Jogoo akawika. Kyungu akamziba mdomo kwa mkono wa pili. Mkono wa pili ndio uliokuwa umeshika behewa.»

Masudi alicheka mpaka kahawa ikamwagika juu ya viatu vyake.

— Pardon, Archive, alisema akifuta macho. Ni muzee yako, mi najua. Lakini ule mukono!

— Cheka tu, Mama Ntumba akamwambia. Mutoto iko bila jina, na we unacheka.

— Na jogoo?

— Jogoo anaruka, anarudi ku mission, Mbayo alisema, akafuata mstari kwa kidole. «Bila hata unyoya mmoja kupotea.»

— Unaona! Jogoo anapona, muzee ya batu anakufwa. Ule Porte-plume, siku ile alikunywa nini?

Porte-plume ni Kalala, mwandishi wa kitabu hicho. Mpaka mwaka wa 1972 aliitwa Séraphin, kisha majina ya ubatizo yakaondolewa nchini, naye akabaki Kalala kama sisi sote tulivyobaki na tulichopewa na wazee. Ni mtunza magasin, bohari ya vifaa, kazini. Kwa miaka sita aliandika kila siku saa ya mapumziko, amekaa juu ya kasha la boulons, zile bolti, akitumia upande wa nyuma wa karatasi za zamani za kuombea vifaa. Wenzake walikuwa wanakula ugali, yeye anaua watu na kuwafungisha ndoa kwenye karatasi. Sura ya tatu ya maandishi yake bado inanuka grisi. Sasa vitabu mia tatu vilikuwa vimefika kutoka Lubumbashi, na Jumamosi angevitoa rasmi katika ukumbi wa cercle, klabu ya wafanyakazi, mbele ya walimu, wakubwa wa kazi na mkewe, ambaye hakuwa ameamini mpaka alipoona makasha.

Alitokea kwenye kona wakati ule ule, amevaa suti mpya ya kijivu, ile ya abacost. Fundi alikuwa amesahau pini moja kwenye kola, na kwa hiyo shingo yake ilikuwa wima kama ya mtu anayepigwa picha.

— Citoyens, bonjour! Naona kitabu iko mu mikono. Mulisoma? Munasema nini?

Mama Ntumba alimimina kahawa katika kikombe kisicho na mkono, akampa. Hapo akajua kuna jambo.

— Kalala, Masudi alisema, uliua muzee ya Archive.

— Mi? Lini?

— Page ya makumi tisa na saba.

— Aa, ile! Kalala alicheka kwa furaha. Mais ile njo page muzuri kupita zote! Njo nitasoma samedi mbele ya batu.

Mbayo alimweleza: mtoto, dada Mbombo, état civil, saa sita. Alimweleza kwa vifungu, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kicheko kilimtoka Kalala kidogo kidogo. Alihamisha kikombe kutoka mkono mmoja hadi mwingine, kwa sababu kilikuwa kinamuunguza.

— Lakini ni roman, alisema. Ni hadisi. Batu babote ba mule ni ba uongo.

— Batu ni ba uongo, Mama Ntumba alisema. Jina haiko ya uongo.

— Na juu ya nini Kyungu? Masudi aliuliza. Sisi bote tulikupa majina, hapa hapa. Mi nilikupa Kasimu, jina ya baba yangu. Cassation alikupa Mwamba. Juu ya nini unaangusha tu wa Archive?

Lazima nieleze jambo hilo, maana lilitokea mbele yangu. Majina ya ubatizo yalipoondolewa, kitabu cha Kalala kilikuwa tayari kwa mpiga chapa, herufi za risasi zimekwisha kupangwa. Na watu wake wote walikuwa na majina ya ubatizo. Mpiga chapa alimwandikia barua: badilisha majina yote kwa siku tatu, na kila jina jipya liwe na idadi ile ile ya herufi kama la zamani, maana mimi sitapanga upya mistari yote kwa ajili ya siasa. Kalala alikuja kwenye benchi anahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa anatafuta majina matatu ya herufi sita: moja la Victor, shujaa wake, moja la Albert, polisi, na moja la Gaston.

— Yote ine, herufi sita! Kalala alisema. Mwamba sita, Kasimu sita, Kyungu sita.

— Yote tatu, Mbayo alimsahihisha.

— Yote tatu. Bon. We Cassation ulisema nini siku ile? Ulisema: Mwamba wangu asipoteze kesi ata moja. We Kilometa ulisema: Kasimu ni jina ya muislamu, asiguse pombe. Sasa Gaston anakunywa kuanza page ya tatu, na page ya makumi ine anapoteza kesi. Mi ningefanya nini? Archive alitoa jina yake, akakunywa kahawa, akanyamaza.

Wote waligeuka kuniangalia. Ilikuwa kweli. Nilikumbuka hata kikombe nilichokuwa nimeshika. Mbele yangu watu wawili walikuwa wamewatetea wazee wao, na mimi, ninayejua tarehe ya kila ndoa ya ukoo wetu tangu wamisionari walipofika Kabongo, nilitoa jina la babu yangu kama mtu anayetoa kiberiti.

— Haiko kosa yake, Mama Ntumba alisema. Yee njo vile.

— Kosa iko, Mbayo alisema, lakini ni ya kunyamaza. Kunyamaza haina kifungu.

Saa yangu ilionyesha saa nne na nusu.

— Bon, Masudi alisema. Tuache kulaumu, tutengeneze. Mi iko transporteur miaka makumi mbili na mbili, ile njia najua. Mbele ya kufika Tenke kuna mupando. Train inapanda pale kama mwanamuke wa mimba ya myezi munane. Batu banashuka, banakojoa, banapanda tena. Mutu akianguka pale, anaamuka, anapanguza suruali. Porte-plume, ule mutu hakukufwa. Unamusingizia.

— Niliandika «akakata roho», Kalala alisema kwa upole.

— Uliandika vibaya. Hukufika pale. Mi nilifika.

— Neno ya mwandishi haitoshi, Mbayo alisema, akavua miwani, jambo ambalo hufanya akitaka kutoa hukumu. Kalala, jibu vile unaulizwa. Kisha ule mutu kuanguka, munganga anafika?

— Hapana.

— Polisi?

— Anafika. Ni Kasimu.

— Kasimu anaandika procès-verbal?

— Anapiga saluti, anaenda kula.

— Baba yangu! Masudi alisema. Baba yangu hawezi kuacha maiti aende kula!

— Ulisema asikunywe. Hukusema asikule.

— Munyamaze, Mbayo alisema. Hakuna munganga, hakuna procès-verbal, hakuna acte de décès, karatasi ya kufwa. Basi mbele ya sheria hakuna maiti. Ule mutu ni absent, haonekani tu.

— Absent? Kalala aliuliza. Kutoka page makumi tisa na munane mpaka mia na makumi sita?

— Absent anaweza kukawia ata miaka makumi tatu. Anarudi, anakuta bibi yake ameolewa, anabisha hodi, na sheria inamurudishia bibi.

— Na ule bwana wa pili anaenda wapi? Mama Ntumba aliuliza.

— Ile iko dossier ingine.

Masudi alipiga paja lake.

— Basi ni rahisi! Porte-plume aandike kitabu ya pili. Page ya kwanza: Kyungu anaamuka ku hôpital, anaomba chai.

— Kilometa, ile moja ilinikula miaka sita, Kalala alisema. Miaka sita nilikula chakula ya midi ikiwa baridi. Ya pili ikitoka, mutoto atakuja kujiandikisha yee mwenyewe, na bibi yake.

Alisema hivyo bila kucheka. Alikuwa ameweka kitabu chake juu ya magoti, na kila mara alilamba kidole na kufuta tone la kahawa ambalo Masudi alikuwa ameliangusha kwenye jalada. Niliona kwamba hofu ilikuwa imeanza kumshika na yeye. Jumamosi dada Mbombo angeweza kusimama katikati ya ukumbi. Mbombo akisimama, watu hawasikii mtu mwingine.

Mama Ntumba alichochea makaa.

— Ninyi banaume munapenda maneno, alisema. Mutu akikufwa tunafanya nini? Tunalia. Tunanyoa. Tunakula. Siku inafika, kilio inaisha, batu banaoga, na jina inatoka safi. Huyu wa kitabu alikufwa, nani alimulilia? Hakuna ata mumoja. Jina itatoka namna gani? Tumufanyie kilio.

— Hapa? Kalala aliuliza.

— Hapa. Leo. Mbele ya saa sita.

— Na tutazika nini?

— Ile page.

Kalala alikifunga kitabu na kukikumbatia.

— Ziko mia tatu!

— Basi mia tatu. Kilometa iko na lori.

— Mutazika page muzuri kupita zote?

— Kuzika mia tatu kunaomba permis, Mbayo alisema. Na mbele ya kuzika tunatafuta muuaji. Musisahau jogoo. Jogoo njo aliwika. Angenyamaza, mukono ungebaki ku behewa. Jogoo ni auteur principal, muuaji mwenyewe.

— Akamatwe! Masudi alisema.

— Ahukumiwe.

— Aliwe, Mama Ntumba alisema. Kilio bila nyama haiko kilio. Kukaanga nitakaanga.

— Lakini jogoo ni wa kitabu, Kalala alisema.

— Ku mission hakukosi jogoo, Masudi alisema, akasimama na kufunga vifungo vya koti. Kutoka hapa ni mita mia nane. Naenda, narudi.

— Masudi, Mbayo alimwambia, ukimubeba, mukono moja ushike kintu.

Nadhani angekwenda kweli. Alikuwa amekwisha kuvuka mfereji. Aliyemrudisha ni Kabedi, mke wa mwanangu, ambaye alikuwa anakuja kutoka upande ule ule, mtoto mgongoni, karatasi za uzazi zimefungwa katika kitambaa. Masudi alivua kofia na kurudi kukaa.

Kabedi hakufika mpaka kwenye benchi. Kwetu mke wa mtoto hakai mahali mkwe wake amekaa, wala hamsemeshi uso kwa uso. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Alisimama upande wa pili wa mbabula, akapiga magoti kidogo, akageukia mfereji ili asiniangalie.

— Mama Ntumba, nakuomba uniulizie tata mukwe. Ofisi inafunga saa sita. Sasa ni saa tano na nusu.

— Tunajua, mama, tunajua, Mama Ntumba alisema. Tunatengeneza. Wa kitabu alikufwa vibaya, tunatafuta namna ya kumutoa mule.

— Wa kitabu nilimusikia. Tata mwanamuke, shangazi Mbombo, alinisomea mara mbili, Kabedi alisema. Mi nataka kujua wa kweli. Uniulizie tata: Kyungu wa kweli, yee alikufwa namna gani?

Mama Ntumba alinigeukia ili anipitishie swali, kisha akaona halikuhitaji kupitishwa.

Nilikuwa na daftari mfukoni, kama siku zote. Sikulifungua. Mstari ule naujua: Kyungu, aliondoka Kabongo mwezi wa tano 1929, amechukuliwa kwenda kulaza reli kutoka Tenke kuelekea Dilolo. Blanketi moja, sufuria moja. Aliacha mke na watoto wawili. Baadaye baba yangu alishuka akiifuata reli hiyo, stesheni moja baada ya nyingine, mpaka akafika Kolwezi, akapata kazi, akabaki. Nilipomuuliza, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, kama alimpata mzee wake, aliinuka, akatoka nje kwenye uwanja, akaanza kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa. Sikuuliza tena. Katika daftari, kila mtu ana nafasi mbili, ya kuzaliwa na ya kufa. Yake ya pili ni nyeupe.

Nilimtazama Masudi, anayejua njia zote. Masudi alikuwa anaangalia kofia yake. Nilimtazama Mbayo.

— Absent, alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

— Mi sikujua, Archive, Kalala alisema. Siku ile ulisema tu: Kyungu, alienda Tenke. Nilizani ni njia tu. Nikamupeleka kule, na kwa kuwa nilikuwa naye kule...

Alikikumbatia kitabu zaidi.

— Basi kutoka siku ile mpaka leo, Masudi alisema, fasi batu banamuona akikufwa ni page ya makumi tisa na saba.

Mama Ntumba aliinua birika amimine, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake. Lilitoka tone moja na machicha, basi. Kahawa ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyedai.

Mtoto alilia mara moja mgongoni. Kabedi alimtikisa, akasubiri. Kisha akasema, bado akiangalia mfereji:

— Mama Ntumba, umwambie tata hivi. Kama hakuna mutu alimuona akikufwa, hakuna mutu anaweza kusema alikufwa vibaya. Na mi nina dakika makumi mbili.

Alikuwa anasubiri neno, na neno hilo lilikuwa langu. Mama Ntumba hakuweza kulisema kwa niaba yangu, wala Mbayo, wala kitabu.

— Aandike Kyungu, nilisema. Kwa dada Mbombo nitakwenda mimi, na nitasema naye.

Sikupitisha kwa mtu. Kabedi alipiga magoti kidogo, akakaza kitambaa, akaondoka kwa hatua za haraka kuelekea ofisini. Tulimwangalia mpaka akapita kona. Masudi alisema kwamba ni mita mia sita, kwamba atafika na dakika kumi za kubaki, na kwa mara ya kwanza wote tulifurahi kujua umbali.

Kalala alikuwa bado amekumbatia kitabu chake. Pini ya kola ilikuwa imemtoboa, na doa dogo la damu lilikuwa kwenye kitambaa kipya.

— Archive, alisema. Samedi nisome page ingine? Iko ile ya ndoa, page ya makumi saba. Nayo inachekesha kidogo.

Nilifikiri. Nilifikiri juu ya ukumbi mzima wa watu wanaomtazama Kyungu akiruka juu ya behewa, jogoo chini ya koti, na wanacheka. Ilikuwa miaka arobaini na minne hakuna aliyemtazama.

— Soma ile ile, nilimwambia. Mimi nitakaa mbele, na Mbombo karibu nami. Lakini usikimbie. Soma polepole.

— Ni lazima polepole, Masudi alisema, akavaa kofia yake. Pale train inapanda.